Tiketi moja, filamu nne: uchague ipi kati ya bunilizi za kisayansi za 2026

"Shikamoo mjomba. Nina hela ya tiketi moja mpaka katikati ya mwaka, nyingine labda Desemba. Niende kuangalia ipi?"

Ujumbe huo ulinifikia Jumapili jioni kutoka kwa mpwa wangu aliye mwaka wa pili chuoni. Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili nikajikuta nimejaza ukurasa, maana mwaka huu tumepata neema. Sisi wapenzi wa filamu za anga na viumbe wa mbali tumezoea kupewa moja ya maana kwa mwaka na kushukuru. Safari hii zimepangwa nne, zote za waongozaji wenye majina: Project Hail Mary Machi 20, Disclosure Day Juni 12, The Dog Stars Agosti 28, na Dune: Part Three Desemba 18. Ninaandika Februari 2026, kwa hiyo ninazipima kwa vitabu zilikotoka, trela, na kazi za nyuma za watu walioshika usukani. Tarehe ni za Marekani, na tarehe za sinema husogea. The Dog Stars yenyewe ilikuwa itoke Machi kabla ya kusukumwa hadi Agosti.

Kabla ya kuzishika moja moja, niseme ninapima kwa nini. Kwanza maandalizi: kuna kitu unatakiwa uwe umekiona au kukisoma kabla ya kukaa kitini? Pili sayansi: imebeba hadithi, au ni pambo tu? Tatu skrini: ukingoja uje uione kwenye simu, unapoteza nini? Nne lugha, na hapa nina sababu zangu. Mimi nimelelewa na kibanda umiza cha Magomeni. Televisheni ya inchi ishirini na moja juu ya meza ya mbao, mabenchi yaliyolegea misumari, feni moja inayogeuka kama imechoka, na sauti ya mtafsiri ikipita juu ya Kiingereza. Wakenya watanielewa kwa DJ Afro, Waganda kwa VJ Jingo. Pale ndipo nilipojifunza kwamba kuna filamu inayobebeka na mtafsiri hata ikanoga zaidi, na kuna nyingine inayofia mikononi mwake. Mwisho, nani wa kwenda naye. Filamu nzuri ukiwa na mtu asiyeifaa ni saa mbili na nusu za kuulizwa "sasa huyu nani?"

Project Hail Mary (Machi 20)

Mkatoliki wa kwetu akisikia jina hili anakumbuka Salamu Maria, na hajakosea, ndiko lilikotoka. Ila Wamarekani, katika mpira wao ule wa kukumbatia na kukimbia, hulitumia kwa pasi ndefu ya sekunde za mwisho: timu imezidiwa, mchezaji anaurusha mpira mbali kadiri ya nguvu zake, na kilichobaki ni dua. Hadithi ni hiyo hiyo. Jua linafifia, na binadamu wanarusha chombo kimoja kwenda kwenye nyota nyingine kutafuta dawa. Ndani yake anaamka mwalimu wa sayansi, Ryland Grace, akiwa hakumbuki hata jina lake, na wenzake wawili wamekufa vitandani. Ryan Gosling ndiye mwalimu huyo. Waongozaji ni wawili, Phil Lord na Christopher Miller.

Maandalizi: hakuna. Hadithi inaanza hapo na kuishia hapo. Kitabu ni cha Andy Weir, kilitoka 2021, na aliyekigeuza kuwa filamu ni Drew Goddard, yule yule aliyekigeuza kitabu kingine cha Weir, The Martian, mwaka 2015. Kama uliipenda ile ya mtu aliyeachwa Mirihi akalima viazi, unajua unachokwenda kula.

Sayansi: hii ndiyo nzito kuliko zote nne, na ni nzito kwa namna ya kupendeza. Wanaolinyonya Jua ni vijidudu vinavyoishi kwenye uso wake na kwenda kuzaliana kwenye hewa ya Zuhura. Nyota za jirani nazo zimeambukizwa, isipokuwa moja, Tau Ceti, na chombo kinatumwa huko kuuliza kwa nini. Tau Ceti ni nyota ya kweli. Iko umbali wa miaka ya nuru karibu 12, maana yake mwanga wake unaoingia jichoni mwako usiku huu uliondoka kule mwaka 2014 hivi. Ukitoka nje ya mji mwezi huu, giza likishashika, itafute upande wa magharibi. Inaonekana bila darubini. Mimi nilioneshwa mara ya kwanza nikiwa Lushoto, na tangu hapo kurasa za kitabu kile zilibadilika kwangu. Zilikuwa na mahali.

Lugha: trela imeshatoa siri ambayo kitabu kiliificha, kwa hiyo nami nitaitaja, anayetaka kwenda bila kujua aruke aya hii. Grace anakutana na kiumbe mwingine, wa nyota nyingine, aliyekuja kwa shida ile ile. Hana uso. Anaongea kwa sauti za muziki, nota kadhaa kwa pamoja. Wawili hawa inabidi waanze kwenye moja, mbili, tatu, mpaka wafike mahali pa kusema "rafiki". Kwa maneno mengine, moyo wa filamu hii ni kutafsiri. Nikiwaza namna mtafsiri wa kibanda umiza atakavyoikamata sehemu hiyo, mtu anayetafsiri kazi ya mtu anayetafsiri, natamani kuwepo.

Skrini: mpiga picha ni Greig Fraser, aliyepata Oscar kwa Dune ya 2021, na anga lake halitoshi kwenye kioo cha simu. Hata hivyo sehemu kubwa ya hadithi ni mtu mmoja chumbani akipiga hesabu na kukuna kichwa. Ukiikosa ukumbini utaumia, lakini utapona.

Inamfaa nani: mzazi mwenye watoto wa sekondari, mwalimu wa fizikia, na mtu ambaye hajawahi kupenda filamu za aina hii na anataka mlango wa kuingilia. Inazidi saa mbili na nusu, kwa hiyo mtoto mdogo atalala. Anayetaka vita vya anga atatoka na njaa.

Disclosure Day (Juni 12)

Steven Spielberg amerudi kwa wageni kutoka angani. Alitupa Close Encounters of the Third Kind mwaka 1977, akatuliza watoto kwa E.T. mwaka 1982, akatutisha kwa War of the Worlds 2005. Safari hii mwandishi ni David Koepp, waliyekuwa naye tangu Jurassic Park, na muziki ni wa John Williams, mzee aliyezaliwa 1932 na bado ameshika kalamu. Waigizaji ni Emily Blunt, Josh O'Connor, Colin Firth, Eve Hewson na Colman Domingo.

Maandalizi: hakuna kitabu na hakuna sehemu ya kwanza. Kwa upande wa siri, hii inawazidi wenzake wote. Blunt ni mtangazaji wa hali ya hewa, na kwenye trela anaanza kutoa sauti zisizo za kibinadamu akiwa hewani mubashara. Swali linaloulizwa ni rahisi na linakwaruza: ikithibitishwa kwamba hatuko peke yetu, je, watu wote wana haki ya kujua?

Sayansi: usitegemee hesabu. Uzito wake uko kwenye siasa na imani. Wamarekani wana jambo hili mezani kweli kweli. Julai 2023 David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi, aliapa mbele ya kamati ya Bunge lao na kudai serikali inaficha vyombo visivyo vya binadamu. Serikali ilikana. Na tusidhani ni mambo ya kwao tu: Septemba 1994, kule Ruwa nchini Zimbabwe, watoto zaidi ya 60 wa shule moja ya msingi walisema wameona chombo na viumbe nyuma ya uwanja wao wa kuchezea, wakachora walichokiona. Sijui mzazi gani wa Kiafrika angeweza kulala usiku huo bila kuuliza maswali.

Lugha: Koepp huandika mazungumzo mafupi, na Spielberg husema mengi kwa uso wa mtu anayetazama juu. Manukuu, yale maandishi ya chini ya skrini, yanatosha kabisa. Mtafsiri naye ataiweza, mradi asifoke pale pa ukimya.

Skrini: hapa kinachonipeleka ukumbini ni watu. Spielberg hujenga hofu ya pamoja, na hofu ya pamoja inahitaji watu mia gizani wakishusha pumzi kwa wakati mmoja. Kwenye simu utabaki na hadithi.

Inamfaa nani: kundi la marafiki, wachumba, familia yenye watu wa rika tofauti. Pia anayependa kubishana njiani wakati wa kurudi. Anayetaka kila kitu kifafanuliwe kabla taa hazijawashwa huenda akanung'unika.

The Dog Stars (Agosti 28)

Hii ndiyo ndogo, na nachelea itapitwa bila kuonwa. Ridley Scott, mwongozaji wa Alien ya 1979 na Blade Runner ya 1982, amechukua riwaya ya Peter Heller ya 2012. Homa imeua karibu kila mtu. Rubani mmoja, Hig, anaishi kwenye kiwanja kidogo cha ndege huko Colorado na mbwa wake Jasper na jirani mmoja mkali wa bunduki. Ana Cessna ya 1956. Kila siku anaruka kuzunguka mipaka yao, anatua, anakula, analala nje na mbwa. Halafu anakumbuka sauti aliyowahi kuisikia kwenye redio ya ndege, kutoka mbali kuliko mafuta yake yanavyoweza kumpeleka na kumrudisha. Jacob Elordi ni Hig. Josh Brolin ni jirani.

Maandalizi hayahitajiki, ingawa kitabu kina lugha ya kukatika katika, sentensi za mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye, na ladha hiyo hakuna filamu itakayoibeba yote. Sayansi yake ni nyepesi: hakuna chombo cha ajabu, kuna ugonjwa na kilichobaki. Sote tuliopita 2020 tutajaza wenyewe. Kwa lugha, ukimya ni mwingi, na hapa ndipo mtafsiri anapoweza kuiua. Iangalie kwa sauti yake. Skrini: milima ikionekana kutoka juu ya ndege ndogo inataka nafasi, lakini televisheni nzuri ya nyumbani itaitosha.

Inamfaa nani: mtu mzima anayetaka kukaa na huzuni kwa utulivu, aliyewahi kufiwa, na yeyote mwenye mbwa. Usiwapeleke watoto, na usiende nayo siku ambayo umetoka kazini umechoka na unataka kuchangamshwa.

Dune: Part Three (Desemba 18)

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Maandalizi: ni makubwa. Lazima uwe umeziona mbili za kwanza, ya 2021 na ya 2024. Moja ina dakika 155, nyingine 166; jumla ni saa tano na dakika ishirini na moja. Ukienda bila hizo, utakuwa kama mgeni aliyefika arusini siku ya kuvunja jungu. Denis Villeneuve anatumia riwaya ya pili ya Frank Herbert, Dune Messiah ya 1969, na amesema hii ndiyo Dune yake ya mwisho. Riwaya hiyo ni fupi kuliko ya kwanza, inasomeka kwa wiki moja ya daladala.

Nashauri kitabu kwa sababu hii. Sheria ya kibanda umiza ni moja: stelingi hafi, na akiua anaua waovu. Herbert anaivunja nusu ya pili. Hadithi inamkuta Paul Atreides, shujaa wa Dune, ameshakaa kwenye kiti cha ufalme miaka kumi na miwili, na vita vilivyopiganwa kwa jina lake vimeua watu bilioni 61. Yule kijana tuliyempigia makofi alipompanda mnyoo wa mchangani ndiye amefikisha hapo. Herbert alikuwa akituonya kuhusu viongozi wanaopendwa kupita kiasi, na wasomaji wengi wa kitabu cha kwanza hawakusikia. Watazamaji nao hawakusikia. Nilikuwa ukumbini 2024, na Paul alipotamka kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa, kijana nyuma yangu alisimama na kupiga mluzi. Chani, mpenzi wake Paul, kwenye skrini alikuwa ameinamisha uso.

Lugha: hapa msomaji wa Kiswahili ana urithi ambao Mmarekani hana. Wale watu wa jangwani humwita Paul Lisan al-Gaib. Mmarekani anahitaji maelezo. Wewe unasikia *ghaibu* na unajua tayari: ulimi, au sauti, kutoka kwa yasiyoonekana. Humwita pia Mahdi, nalo hutahitaji kuelezwa. Hata Muad'Dib, jina lake la jangwani, ambalo kwenye hadithi ni panya mdogo, linakaa jirani na *adabu* na *kuadibisha*. Kwa Kiarabu mu'addib ni mwenye kufunza adabu. Herbert aliokota maneno haya na kuyapeleka maelfu ya miaka mbele, na filamu zikatengenezewa lugha kamili ya jangwani na mtaalamu wa lugha, David Peterson. Kwa hiyo sehemu nzima hupita kwa manukuu. Mtafsiri wa kibandani ana kazi, lakini hadithi ya unabii, kisasi na mfalme aliyejitega mwenyewe inakaa vizuri sana mdomoni mwa msimulizi wa Kiswahili.

Sayansi: ni ya mazingira. Mbegu ya Dune ilipandwa Oregon, pwani ya Marekani, miaka ya 1950, Herbert alipokwenda kuandika kuhusu nyasi zilizopandwa kuzuia mchanga usifukie barabara. Akawaza sayari nzima hivyo: mavazi yanayochuja jasho ili linyweke tena, maji ya maiti yakirudishwa kwa jamaa zake. Aliyelala foleni ya ndoo saa tisa usiku haoni kituko hapo. Na kwa kuwa tumefika kwenye maji, Wanuri Kahiu wa Kenya alitangulia kulisema kwa njia yetu mwaka 2009 katika Pumzi, filamu ya dakika ishirini na kidogo, ambamo ulimwengu umekwisha kwa vita vya maji na mwanamke mmoja, Asha, anabeba mche kwenda kuupanda jangwani. Ukiitazama kabla ya Dune, utaiona Dune kwa jicho jingine.

Skrini: kati ya nne, hii ndiyo inayopoteza zaidi ikipunguzwa. Sauti za Hans Zimmer huingia kifuani kabla ya masikioni. Walio Dubai au London watafute ukumbi wa IMAX, wenye skrini kubwa kupita kawaida. Kwetu, chagua ukumbi kwa spika zake, uulize waliokwisha kwenda. Tahadhari moja: siku hiyo hiyo imepangwa kutoka Avengers: Doomsday, na kumbi zetu zina vyumba vichache. Wiki ya kwanza maonyesho ya Dune yanaweza kuwa ya saa nne usiku. Ulizia usafiri wa kurudi.

Inamfaa nani: aliyemaliza mbili za kwanza na bado anazifikiria, na mpenda siasa na dini zinapokutana. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili ni nzito. Kwa anayetaka mwisho wa shangwe, siyo yake.

Zilizo bado jikoni

Ukisema uzipige chini zote ungoje, zinazokuja zipo. Star Wars: Starfighter, naye Gosling, imewekwa Mei 28, 2027. Avatar ya nne imewekwa Desemba 2029. Ninayoitamani mimi ni Rendezvous with Rama, riwaya ya Arthur C. Clarke ya 1973 ambayo Villeneuve amehusishwa nayo kwa miaka kadhaa. Ila alikabidhiwa James Bond mwaka 2025, kwa hiyo usiitunzie hela ya tiketi sasa.

Uchague kwa hali yako

Una tiketi moja mwaka mzima, na mbili za kwanza za Dune umeziona: weka hela mpaka Desemba, maana nyingine tatu zitavumilia skrini ndogo vizuri kuliko hiyo. Hujaziona, wala huna saa tano za kuziona: usijilazimishe, nenda Machi.

Unampeleka mtu ambaye husema "mimi hizi za anga sizielewi": Project Hail Mary. Mnakwenda watu wanane na mnataka mrudi mkibishana ndani ya gari: Disclosure Day. Unakwenda peke yako, hutaki kuongea na mtu: subiri Agosti, au ingoje nyumbani na taa zimezimwa.

Kiingereza cha haraka kinakuchosha: Disclosure Day au The Dog Stars, ambazo picha inasema zaidi ya mdomo. Upo nje ya miji na ukumbi wa karibu ni safari ya siku: chukua vitabu. Project Hail Mary na Dune Messiah, viwili hivyo, vitakupa zaidi ya nusu ya starehe kwa muda mrefu zaidi, na vinaazimika.

Huna hela ya tiketi kabisa mwaka huu: tafuta Pumzi, na ukiipata tafuta pia Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda, ambamo wachimba madini na wadukuzi wanaimba kwa Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili. Ni ya ajabu, ni ya kwetu, na hakuna atakayehitaji kukutafsiria yote.

Mpwa wangu alisoma yote haya akajibu usiku ule ule. "Asante mjomba. Basi Machi naenda na mama, Desemba naenda mwenyewe. Dune ya pili nimeiona, ya kwanza bado." Nimemwambia aje Jumamosi, asubuhi, kabla umeme haujakatika.